Saa za Ardhini

Ndege ya abiria haimwingizii mwenye nayo hata senti ikiwa imesimama. Malipo ya mkopo au ya kuikodi yanaendelea, bima inaendelea, ada za uwanja zinaendelea, na mishahara haisubiri. Ndiyo maana mtu anayetaka kuelewa jinsi gharama inavyogombana na usalama katika biashara hii hapaswi kuanza na bei ya tiketi wala umri wa ndege. Aanze na saa. Kila saa ambayo ndege iko ardhini ina bei inayojulikana, na kila shirika la ndege lina watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutafuta namna ya kuzipunguza saa hizo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya usalama hutengenezwa ndani ya saa hizo hizo: fundi akiwa amejipenyeza ndani ya mkia wa ndege na tochi mkononi, rubani akiwa ndani ya simyuleta, mashine ya ardhini inayoigiza urukaji, akifundishwa namna ya kunusurika, mkaguzi wa serikali akipitia makaratasi ambayo hakuna abiria atakayeyaona maishani mwake.

Nilianza kusoma ripoti za uchunguzi wa ajali za ndege baada ya Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019, siku ambayo ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka karibu na mji wa Bishoftu dakika sita baada ya kupaa, ikaua watu wote 157 waliokuwamo. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Nilitaka kujua kwa nini. Kadiri nilivyozidi kusoma, habari za ajali hiyo na za nyingine za zamani, ndivyo nilivyozidi kuona jambo moja likijirudia: sikukuta mahali popote ambapo mtu aliandika kwamba tupunguze usalama ili tupate faida. Walichokuwa wakipunguza ni saa, na walipozipunguza walikuwa na hoja, na karatasi, na sahihi chini yake.

Si kila saa inayookolewa imeibwa mahali, na hilo ni la kusemwa mapema. Mwaka 1972 Southwest, shirika changa la Texas lililokuwa taabani kifedha, liliuza moja ya ndege zake nne aina ya Boeing 737. Badala ya kupunguza safari, wafanyakazi wake walijifunza kuigeuza ndege kwa dakika kumi: abiria wanashuka, wengine wanapanda, mizigo inapakiwa, ndege inaondoka. Ndege tatu zikafanya kazi ya nne. Shirika hilo likajijenga juu ya wazo jingine pia, la kutumia aina moja tu ya ndege, kiasi kwamba rubani yeyote aweze kurusha ndege yoyote, na fundi yeyote ajue kila nati iliko. Ryanair ya Ireland na easyJet ya Uingereza zilifuata njia hiyo, na Ryanair, ambayo sasa inasafirisha abiria zaidi ya milioni 150 kwa mwaka, haijawahi kupoteza abiria katika ajali ya ndege tangu ilipoanza safari mwaka 1985. Marekani ilipoacha kupanga nauli za ndege kwa sheria mwaka 1978, wengi waliogopa kwamba ushindani ungeua watu. Nauli zilishuka, na katika miongo hiyo hiyo ajali za vifo nazo zikapungua. Watu husema rahisi ni ghali, lakini kwenye tiketi ya ndege msemo huo unapotosha. Kuacha kugawa chakula na kumlipisha abiria kwa sanduku lake kunaudhi, ila hakugusi injini.

Zipo saa za aina nyingine. Tarehe 25 Mei 1979, ndege aina ya DC-10 ya American Airlines ilipokuwa ikipaa kutoka uwanja wa O'Hare mjini Chicago, injini yake ya kushoto ilichomoka pamoja na mhimili unaoishikilia kwenye bawa, na watu 273 wakafa, wawili kati yao wakiwa ardhini. Hadi leo ni ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko zote katika ardhi ya Marekani. Wachunguzi waligundua kwamba wiki nane kabla ya hapo, katika karakana ya Tulsa, injini hiyo ilikuwa imeshushwa kwa utaratibu tofauti na ule uliopendekezwa na mtengenezaji. Mtengenezaji alitaka injini itolewe kwanza, kisha mhimili. Mafundi walivitoa vyote kwa pamoja, wakiviinua kwa forklifti, kwa sababu namna hiyo iliokoa takriban saa 200 za kazi kwa kila ndege, na ikapunguza sehemu za kufungua, za umeme, mafuta na haidroliki, kutoka 79 hadi 27. Ukiisoma hoja hiyo bila kujua mwisho wake, inavutia. Hata mtu anayejali usalama angeweza kusema kwamba sehemu 27 za kufungua na kufunga zina nafasi chache za kukosea kuliko sehemu 79. Lakini forklifti haina upole wa milimita. Iliposogea kidogo, mhimili uligonga bawa na kupata ufa usioonekana, na ufa ukakua safari baada ya safari.

Ajali inayonikereketa zaidi ni nyingine. Tarehe 31 Januari 2000, ndege aina ya MD-83 ya Alaska Airlines, iliyokuwa ikitoka Puerto Vallarta nchini Mexico kwenda San Francisco, ilitumbukia baharini karibu na kisiwa cha Anacapa, pwani ya California, na watu wote 88 wakafa. Kilichoshindwa ni nati ya skrubu moja ndefu iliyomo mkiani. Skrubu hiyo, ikizunguka ndani ya nati yake, ndiyo inayoinua na kushusha bawa dogo la nyuma, yaani ndiyo inayosaidia kuamua pua ya ndege ielekee juu au chini. Inahitaji grisi. Ikiikosa, meno ya nati yanalika hadi yanaisha, na hapo hakuna kitu kingine kilichobuniwa kuishika.

Mwaka 1987 shirika hilo lilikuwa likiipaka grisi kila baada ya saa 500 za kuruka. Mwaka 1988 zikawa 1,000. Mwaka 1991 zikawa 1,200, mwaka 1994 zikawa 1,600, na mwaka 1996 hesabu ya saa ikaachwa, ikawekwa miezi minane, ambayo kwa jinsi ndege zilivyokuwa zikitumika ilikuwa sawa na takriban saa 2,550. Kipimo cha kuangalia nati imelika kiasi gani nacho kilisogezwa, kutoka kila saa 5,000 katikati ya miaka ya 1980 hadi miezi 30, yaani saa zipatazo 9,550. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliandika wazi kwamba kurefushwa kwa muda huo, na idhini iliyotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, vilichangia ajali. Naomba msomaji azirudie namba hizo polepole. Hakuna hatua moja inayotisha. Kutoka 1,000 kwenda 1,200 ni nyongeza ya asilimia 20 tu, na ndege zilikuwa hazijaanguka. Kila nyongeza ilijitetea kwa kutumia ile iliyotangulia: tulifikia 1,000 na hakuna kilichotokea, basi 1,200 nayo ni salama. Kutoanguka kukawa ushahidi, wakati meno ya nati yalikuwa yakilika gizani.

Tena hata saa zilizobaki hazikutumiwa zote. Kupaka grisi sehemu hiyo inavyotakiwa kunachukua saa kadhaa, kwa sababu fundi anapenyeza mkono kwenye tundu dogo na lazima ahakikishe kwamba grisi imeenea kila jino. Fundi aliyeifanya kazi hiyo mara ya mwisho aliwaambia wachunguzi kwamba ilimchukua kama saa moja. Simlaumu yeye peke yake. Mtu anayefanya kazi ya saa nne kwa saa moja, na asiulizwe na yeyote, anafanya kazi mahali ambapo saa moja ndiyo inayotarajiwa.

Alikuwapo aliyeuliza. Septemba 1997 ndege hiyo hiyo iliingia karakana ya Oakland kwa matengenezo makubwa, na fundi kiongozi wa zamu, baada ya kupima, aliandika kwamba skrubu na nati vibadilishwe. Kipimo kilikuwa kwenye mpaka kabisa wa kinachoruhusiwa. Kipuri hakikuwapo ghalani. Zamu nyingine ikapima tena, na tena, ikapata namba iliyo ndani ya mpaka, na ndege ikarudishwa kazini. Mwaka uliofuata fundi huyo alikwenda kwa mamlaka za serikali kulalamikia karatasi zilizotiwa sahihi kwa kazi ambazo alisema hazikufanyika. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba hakuna aliyeona. Aliyeona hakuwa na uwezo wa kuizuia ndege, na waliokuwa na uwezo huo walikuwa na ratiba mkononi.

Sasa nirudi kwenye ndege ya Bishoftu, kwa sababu huko saa zilizookolewa hazikuwa za fundi bali za rubani, na ziliokolewa miaka mingi kabla ndege yenyewe haijaundwa.

Desemba 2010 Airbus ilitangaza A320neo, ndege yake ya zamani ikiwa na injini mpya zinazotumia mafuta kidogo. Julai 2011 American Airlines, mteja wa Boeing wa miaka mingi, iliagiza ndege 260 za Airbus. Boeing ilikuwa ikifikiria kubuni ndege mpya kabisa, jambo ambalo lingechukua miaka mingi na mabilioni mengi ya dola. Ilipoona soko linaondoka, iliamua mwezi uliofuata kuichukua 737, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, na kuitia injini mpya. Toleo hilo ndilo 737 MAX, aina ya ndege iliyoanguka Bishoftu. Lakini 737 ina miguu mifupi, na injini mpya zilikuwa nene mno kukaa mahali pa zile za zamani. Zikasogezwa mbele na kuinuliwa juu, na hilo likabadilisha tabia ya ndege: katika hali fulani pua ilielekea kujiinua zaidi kuliko ilivyopaswa. Ili ndege ihisike mikononi mwa rubani kama 737 ya zamani, wahandisi waliandika programu iliyoitwa MCAS, inayoshusha pua yenyewe bila rubani kuiamuru.

Kwa nini ilikuwa muhimu hivyo kwamba ihisike kama ya zamani? Jibu ni saa. Ndege ikihesabiwa kuwa aina ile ile, rubani hahitaji kurudishwa kwenye simyuleta. Kumpeleka rubani kwenye simyuleta ni kumtoa kazini, kumsafirisha, kumlipia mkufunzi na kulipia mashine yenyewe, na jambo hilo lizidishwe kwa maelfu ya marubani. Boeing iliiahidi Southwest kwamba, ikiwa ndege mpya italazimu mafunzo ya simyuleta, bei itapunguzwa kwa dola milioni moja kwa kila ndege. Hapo ndipo ninapoona uchungu wa habari hii. Wazo la aina moja ya ndege, ambalo lilikuwa akiba ya haki na lililosaidia usalama kwa miongo mingi, liligeuka kuwa shinikizo. Akiba njema ya shirika moja ikawa sharti la usanifu wa ndege ambayo ingewabeba abiria wa mashirika mengine, katika mabara mengine, ambao hawakuwa na habari ya mkataba huo.

Baada ya hapo kila uamuzi mdogo ulielekea upande mmoja. MCAS ilipoongezewa nguvu wakati wa majaribio, kutoka uwezo wa kusogeza bawa la mkia kwa nyuzi 0.6 hadi nyuzi 2.5 kwa mkupuo mmoja, iliachwa itegemee kihisi kimoja tu kati ya viwili vilivyo puani, vinavyopima pembe ambayo ndege inakutana na hewa. Boeing iliomba, na FAA ikakubali, kwamba isitajwe katika kitabu cha rubani. Mhandisi mmoja wa kampuni hiyo alilalamika ndani kwa ndani kwamba mfumo wa ziada, ambao ungeweza kumwonyesha rubani kuwa vipimo vinadanganya, ulikataliwa kwa sababu ya gharama na mafunzo. Taa ya kuonya kwamba vihisi viwili vinapingana, ambayo ilipaswa kuwamo katika kila ndege, ilifanya kazi tu kwa mashirika yaliyonunua nyongeza nyingine. Boeing ililigundua kosa hilo mwaka 2017 na ikapanga kulirekebisha mwaka 2020. Mwaka 2017 huo huo Lion Air ya Indonesia ilifikiria kuwapa marubani wake mafunzo ya simyuleta kwa ajili ya ndege hiyo, na mtu wa Boeing akawashawishi waache. Marubani waliotoka 737 za zamani wakapewa somo fupi la tableti.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya aina hiyo ya Lion Air ilianguka katika Bahari ya Java na kuua watu 189. Kihisi kilikuwa kimedanganya, na MCAS ikaishusha pua tena na tena huku rubani akipambana na kitu ambacho hakujua kwamba kipo.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Baada ya ajali hiyo FAA ilifanya hesabu ya hatari, kama inavyofanya baada ya kila tukio kubwa, na ikakadiria kwamba ikiwa programu haitarekebishwa, ndege hizo zingeweza kuanguka mara 15 zaidi katika miongo yote ya matumizi yake. Hesabu hiyo ilikuwapo Desemba 2018. Ndege zikaachwa ziendelee kuruka kwa maelezo ya tahadhari yaliyotumwa kwa marubani, wakati Boeing ikitengeneza programu mpya, na umma haukuiona hesabu hiyo hadi Desemba 2019, ilipotolewa hadharani na kamati ya Bunge la Marekani. Miezi mitatu baada ya kufanywa, ndege ya Addis Ababa ilianguka. Marubani wa Ethiopia walizizima swichi za mota inayosogeza bawa la mkia, kama maelezo yalivyosema, lakini ndege ilikuwa ikienda kwa kasi kubwa kiasi kwamba gurudumu la kuirekebisha kwa mkono halikuzungushika. China ilizisimamisha ndege hizo siku iliyofuata. Marekani ilizisimamisha tarehe 13 Machi, baada ya karibu dunia nzima.

Baadhi ya waliokuwa ndani ya ndege ile walikuwa wakija kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliokuwa ukifunguliwa Gigiri siku ya pili yake. Wengine walikuwa wakirudi nyumbani tu. Julai mwaka huo baba mmoja Mkenya, aliyekuwa amepoteza mke, watoto watatu na mama mkwe, alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akaeleza kilichompata. Natamani kila mtu anayepitisha bajeti ya mafunzo ya marubani aisikilize sauti ile.

Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili kuahirisha kesi ya jinai. Mgawanyo wake unaeleza mengi. Dola bilioni 1.77 zilikwenda kwa mashirika ya ndege yaliyokosa biashara ndege ziliposimama, dola milioni 500 kwa familia za watu 346 waliokufa, na faini yenyewe ilikuwa dola milioni 243.6. Saa ambazo ndege zilikaa ardhini zilifidiwa mara tatu na zaidi kuliko watu. Rubani mkuu wa kiufundi wa mradi huo, mtu pekee aliyefikishwa mahakamani, aliachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama mwaka 2022, na Novemba 2025 jaji wa Texas aliifuta kesi ya kampuni kwa ombi la waendesha mashtaka wenyewe. Ndege iliporuhusiwa kuruka tena Novemba 2020, baada ya miezi 20, moja ya masharti ilikuwa kwamba kila rubani wake apitie mafunzo ya simyuleta.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya kweli. Usalama hauwezi kununuliwa bila kikomo. Tiketi ikipanda, baadhi ya watu watarudi barabarani, na barabara huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka duniani. Marekani walikabiliana na swali hilo waziwazi kuhusu watoto wachanga. Bodi ya usalama ilitaka kila mtoto wa chini ya miaka miwili awe na kiti chake chenye mkanda badala ya kupakatwa. FAA ilikataa kulazimisha, ikieleza kwamba familia zikilazimika kununua tiketi ya ziada zitasafiri kwa gari, na watoto wengi zaidi watakufa kuliko watakaookolewa. Unaweza kuipinga hesabu hiyo, na bodi ya usalama iliipinga kwa miaka mingi. Lakini iliwekwa mezani, mchana, kila mtu akaiona na kuijadili. Hesabu ya ajali 15 ilikaa kabatini. Kwa hiyo siwalaumu waliohesabu thamani ya maisha kwa namba, kwa sababu kazi yao haiwezi kufanyika bila kuhesabu. Nawalaumu walioamua kwa niaba ya abiria huku wakimnyima abiria ile namba ambayo ingemfanya aahirishe safari.

Na pale ambapo gharama imekubaliwa kulipwa, matokeo yanaonekana. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, na kuua watu 50. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa Seattle, alikokuwa akiishi, ili afike kazini Newark, upande wa pili wa nchi. Rubani mkuu alikuwa amelala katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Kosa la mwisho lilikuwa la rubani mkuu, aliyeivuta ndege juu ilipokuwa ikimwonya aishushe pua, lakini wachunguzi walisema uchovu huenda uliwadhoofisha wote wawili. Familia za waliokufa zilikwenda Washington mara kwa mara bila kuchoka, na mwaka 2010 sheria ikapitishwa iliyoongeza saa za uzoefu kwa marubani hadi 1,500 na kufuatiwa na kanuni mpya za saa za kupumzika. Mashirika yalilalamika kwamba ni ghali, na ni kweli ilikuwa ghali. Tangu ajali hiyo ya Buffalo, Marekani ilikaa karibu miaka 16 bila ajali kubwa ya vifo ya ndege ya shirika lake la abiria, hadi Januari 2025.

Lakini sheria haisimami bila mtu wa kuisimamia, na huyo ndiye anayepunguzwa kwa urahisi kuliko wote. Mwaka 2008 ilibainika kwamba Southwest, shirika lile lile la dakika kumi, lilikuwa limerusha ndege 46 bila kufanya ukaguzi wa nyufa uliotakiwa. Wakaguzi wa FAA waliolibaini jambo hilo waliliambia Bunge kwamba mkubwa wao wenyewe alikuwa karibu mno na shirika, na kwamba walizuiwa. Katika mradi wa 737 MAX sehemu kubwa ya kazi ya kuithibitisha ndege ilikabidhiwa wafanyakazi wa Boeing waliofanya kazi hiyo kwa niaba ya serikali. Katika kiwanda cha Boeing cha Renton, Juni 2018, meneja mmoja mwandamizi alimwandikia kiongozi wa mradi akimwomba asimamishe uzalishaji kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamechoka kupita kiasi. Ndege 52 kwa mwezi ziliendelea kutoka. Januari 2024 kipande cha ubavu wa ndege ya Alaska Airlines, kilichoziba nafasi ya mlango, kiling'oka angani juu ya Oregon, na ikagundulika kwamba bolti nne za kukishika hazikuwapo tangu ndege ilipotoka kiwandani hapo hapo Renton.

Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Tanzania katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Air Tanzania yenyewe ilikuwa imeingizwa miezi sita kabla. Mashirika ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yamo katika orodha hiyo tangu 2006. Nilisikia watu wakilichukua jambo hilo kama tusi, au kama vita vya kibiashara dhidi ya shirika lililokuwa limenunua ndege mpya, zikiwamo 737 MAX 9. Naelewa hasira hiyo. Lakini sababu zilizotolewa hazikuhusu ndege kuwa mbovu au kuukuu. Zilihusu mamlaka ya usimamizi: upungufu mkubwa wa wataalamu wenye sifa, na usimamizi usiofanya kazi ipasavyo. Ndege mpya hupokewa uwanjani kwa ngoma na hotuba, na viongozi hupigwa picha kando yake. Mkaguzi mwenye uzoefu, anayelipwa vya kutosha asihamie kwenye shirika analolikagua, hapokewi na mtu. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya ndege moja, na bado ndiye anayekosekana.

Ombi langu kwa mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zetu wote ni karatasi moja kila mwaka, iliyochapishwa ambapo kila abiria anaweza kuisoma. Ionyeshe wakaguzi walioajiriwa ni wangapi na nafasi zilizo wazi ni ngapi. Ionyeshe ni wangapi waliondoka mwaka huo na walikwenda wapi. Ionyeshe ni mara ngapi mkaguzi aliizuia ndege isiruke, na ni mara ngapi uamuzi wake ulitenguliwa na aliye juu yake. Na iorodheshe kila ombi la kurefusha muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, nani aliomba, nani aliidhinisha na kwa hoja gani. Kati ya hayo yote, hilo la mwisho ndilo ninalolihitaji zaidi, kwa sababu skrubu ya Alaska Airlines iliongezewa muda mara nne katika miaka tisa, na hakuna abiria hata mmoja kati ya wale 88 aliyekuwa na njia ya kujua.